Kadi Inapohamia Kwenye Simu: Kitambulisho cha Mwanafunzi Kati ya Lango na Chumba cha Mtihani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kitambulisho cha mwanafunzi kinavyohamishwa kutoka kadi ya plastiki kwenda kwenye simu janja, na yanapima maana ya mabadiliko hayo kwa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Katika vyuo vya Marekani vilivyotangulia, kadi ilikuwa tayari ufunguo wa kielektroniki kabla ya simu kuingia. Katika vyuo vingi vya ukanda huu kadi ni ushahidi unaosomwa kwa macho ya binadamu. Kwa sababu hiyo makala yanadai kwamba kinachopaswa kubadilishwa kwanza ni namna ya kuhakiki, na chombo cha kubebea kitambulisho kifuate baadaye. Sahihi ya kidijitali inaweza kuhakikiwa bila intaneti, na inaweza kuchapwa hata kwenye karatasi. Chuo kitakachofuta kadi kabla ya kupata jibu la chumba cha mtihani kitakuwa kimemtwika mzigo mwanafunzi asiye na simu.

Maneno muhimu: kitambulisho, simu janja, sahihi ya kidijitali, mtihani, faragha, elimu ya juu

1. Utangulizi

Neno kitambulisho limetokana na kitenzi tambua kwa kupitia tambulisha, yaani kumfanya mtu atambulike. Katika umbo lake lenyewe, basi, neno hili lina watu wawili ndani yake: anayetambulishwa na anayetakiwa kumtambua. Mijadala ya kuhamishia kitambulisho kwenye simu humtazama sana yule wa kwanza, mwanafunzi na simu yake. Yule wa pili husahaulika, ilhali mlinzi wa langoni, mkutubi, karani wa benki na msimamizi wa mtihani ndio wanaoamua kama kitambulisho kimefanya kazi yake au hakikuifanya.

Ukanda huu una sababu za kihistoria za kumkumbuka huyo wa pili. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika wenye umri wa miaka 16 na kuendelea kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Nchini Rwanda, vitambulisho vilivyoanzishwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930 viliandikwa kabila la mwenye kadi, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 maandishi hayo yalisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kwa matokeo yanayojulikana. Kadi ya mwanafunzi haifanani na hayo kwa uzito. Hata hivyo maswali yanabaki yale yale: nani anasoma, anaona nini, na ana uwezo gani juu ya mtu ambaye hana cha kuonyesha.

2. Kadi hufanya nini

Kadi ya chuo hubeba kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na kosa la kwanza la kisera ni kuzihesabu zote kuwa kazi moja. Kazi ya kale zaidi ni ushahidi: picha, jina, namba ya usajili na tarehe ya mwisho, ili mtu mwingine alinganishe sura na picha. Baadaye ziliongezwa kazi za kimashine. Kwa ukanda wa sumaku au chipu, kadi ikawa ufunguo wa mlango wa bweni na maktaba. Katika vyuo vyenye uwezo ikawa pia mkoba wa kulipia chakula, kufua nguo na kutoa nakala. Nyuma ya yote hayo kuna namba inayoiunganisha kadi na rejista ya msajili, na namba hiyo ndiyo hasa utambulisho. Plastiki ni ganda lake.

Lipo pia jambo la umiliki, ambalo huwa halitajwi. Kadi ni mali ya chuo. Huandikwa nyuma kwamba ikiokotwa irudishwe, na mwanafunzi huisalimisha anapomaliza masomo. Simu ni mali ya mwanafunzi, au ya kaka yake, au bado inalipiwa kwa awamu. Taasisi inapoweka hati yake ndani ya mali ya mtu mwingine, inamkabidhi pia gharama ya kuinunua, kuichaji, kuilinda na kuitengeneza.

3. Mfano wa Marekani na sharti lake

Mnamo Oktoba 2018 vyuo vikuu vitatu vya Marekani, Duke, Alabama na Oklahoma, vilianza kuwaruhusu wanafunzi kuweka kitambulisho chao ndani ya simu ya iPhone na saa ya Apple. Mwanafunzi anapoisogeza simu karibu na kisomaji, mawasiliano ya redio ya masafa mafupi, katika masafa ya megahezi 13.56, hupeleka utambulisho kwa umbali wa sentimita chache, na mlango hufunguka. Tatizo la betri nalo lilitazamwa: kwa baadhi ya miundo ya simu hizo, kampuni ilieleza kwamba kadi huendelea kusomeka kwa muda wa hadi saa tano baada ya simu kuhitaji kuchajiwa. Kufikia mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Alabama, Oklahoma na Temple vilikuwa vinaanza kuacha kutoa kadi za plastiki kwa wanafunzi wenye simu zinazofaa.

Maneno hayo ya mwisho, “wenye simu zinazofaa”, ndiyo sharti la mfano wote. Hata kule, plastiki haikuondolewa kwa kila mtu. Muhimu zaidi, vyuo hivyo vilikuwa na visomaji kwenye milango, kwenye kumbi za chakula na kwenye mashine za kufulia kwa miaka mingi kabla ya simu kuwasili. Simu ilichukua nafasi ya ufunguo uliokuwa wa kielektroniki tayari.

Usalama nao ulikuwa sababu ya haki. Chipu ya MIFARE Classic, iliyotumika katika kadi nyingi za usafiri na za vyuo tangu miaka ya 1990, ilitegemea fumbo la siri lenye ufunguo wa biti 48. Mnamo Desemba 2007 watafiti walionyesha hadharani nchini Ujerumani jinsi walivyolichambua, na mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, likaonyesha kuwa kadi hizo zaweza kunakiliwa. Mtengenezaji alikwenda mahakamani kuzuia uchapishaji wa matokeo hayo, akashindwa. Mtu anayetetea plastiki kwa hoja kwamba ni salama zaidi ana kazi ya kujibu historia hiyo.

4. Jicho la mlinzi na sahihi ya kidijitali

Katika vyuo vingi vya Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya, Tanzania na Kongo, kisomaji cha langoni ni mlinzi. Anatazama picha, anatazama uso, anapisha. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, ukaguzi wa namna hii ulikazwa katika vyuo vya Kenya, na hakuna anayeweza kuuita urasimu mtupu. Swali ni nini kinatokea mlinzi huyo anapoanza kuonyeshwa skrini.

Njia rahisi, ambayo chuo chenye haraka hushawishika kuifuata, ni programu inayoonyesha picha ya kadi kwenye simu. Hiyo ni hatua ya kurudi nyuma. Kughushi kadi ya plastiki kunahitaji mashine, plastiki na muda kidogo. Kughushi picha ya skrini kunahitaji programu ya kuhariri picha ambayo kila mwanafunzi anayo. Baadhi ya programu huongeza saa inayotembea au rangi inayobadilika ili kuonyesha kwamba si picha iliyogandishwa. Hilo humsaidia mlinzi kidogo tu, kwa kuwa mwenye nia mbaya anaweza kuiga pia saa na rangi.

Njia yenye maana hutumia msimbo wa QR, uliobuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Kijapani ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Lakini misimbo inayofanana kwa macho yaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Mmoja hubeba namba au anwani tu. Kifaa cha mlinzi huisoma, huiuliza seva ya chuo kupitia intaneti, na seva hujibu. Mtandao ukiwa chini, hakuna jibu. Mwingine hubeba taarifa zenyewe, yaani jina, namba ya usajili, kitivo na tarehe ya mwisho, pamoja na sahihi ya kidijitali ya chuo.

Sahihi hiyo yahitaji kuelezwa, maana ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Chuo huwa na funguo mbili zinazokwenda pamoja kihisabati. Ufunguo wa siri hubaki kwa msajili na hautoki. Ufunguo wa hadharani hugawiwa kwa yeyote anayetaka. Kwa kutumia ufunguo wa siri, chuo hukokotoa sahihi juu ya taarifa za mwanafunzi. Mwenye ufunguo wa hadharani anaweza kuhakikisha kwamba sahihi ni ya chuo na kwamba hakuna hata herufi moja iliyobadilishwa, ila hawezi kutengeneza sahihi mpya. Ni kama mhuri ambao kila mtu anaweza kuutambua na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuuchonga. Simu ya mlinzi ikishahifadhi ufunguo wa hadharani, inahakiki kadi elfu moja bila kugusa intaneti.

Jambo hili limeshajaribiwa kwa kiwango kikubwa. Cheti cha kidijitali cha UVIKO-19 cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza kutumika rasmi tarehe 1 Julai 2021, kilikuwa msimbo wa QR uliotiwa sahihi. Abiria aliweza kuuonyesha kwenye simu au kwenye karatasi aliyoichapa mwenyewe, na vyote viwili vilikuwa na nguvu sawa, kwa kuwa nguvu ilikuwa ndani ya sahihi. Washauri wa sera wanapoletewa pendekezo lenye kichwa cha “kadi au simu”, wana haki ya kuuliza kwa nini karatasi iliyotiwa sahihi haimo kwenye orodha.

Kuna kikomo kimoja cha kiufundi ambacho wauzaji wa mifumo hawapendi kukizungumzia. Msimbo mkubwa kabisa wa QR hubeba baiti 2,953 tu. Picha nzuri ya uso haienei humo. Sahihi huthibitisha kwamba chuo kinamtambua mtu mwenye jina fulani. Haithibitishi kwamba aliyesimama langoni ndiye huyo. Rafiki anaweza kutumiwa msimbo halali kwa ujumbe na kuuonyesha. Kwa hiyo picha lazima itoke mahali pengine: ama kifaa cha mlinzi kiwe kimehifadhi picha za wanafunzi wote, jambo linalozua hatari yake kifaa kikiibwa, ama picha iwe imechapwa pamoja na msimbo juu ya kitu kigumu. Kitu hicho kigumu ni kadi. Kadi yenye picha upande mmoja na msimbo uliotiwa sahihi upande wa pili ni bora kuliko kadi ya sasa, na katika mazingira ya lango la kawaida ni bora pia kuliko simu peke yake.

5. Chumba cha mtihani

Hapa ndipo mpango mzima hukwama. Kanuni za mitihani za vyuo vya ukanda huu kwa kawaida zina masharti mawili. La kwanza humtaka mtahiniwa awe na kitambulisho halali na kukiweka juu ya meza wakati wote wa mtihani. La pili humkataza kuingia na simu, na katika vyuo vingine kukutwa na simu, hata ikiwa imezimwa, ni kosa la udanganyifu linaloweza kumfukuzisha. Kitambulisho kikiwa ndani ya simu, mwanafunzi hawezi kutii sharti moja bila kuvunja la pili.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba simu ionyeshwe mlangoni, kisha iwekwe kwenye begi nje. Jibu hilo linakosea kuhusu kazi inayofanyika ndani. Anayemfanyia mwenzake mtihani hakamatwi sana mlangoni, ambako watu mia tatu wanasukumana dakika kumi kabla ya kuanza. Hukamatwa katikati ya mtihani, msimamizi anapopita kati ya meza na karatasi ya mahudhurio, akilinganisha picha, uso na namba bila haraka. Bila kadi juu ya meza msimamizi anabaki na orodha ya majina. Na begi zilizorundikwa nje zikiwa na simu mia tatu ni mwaliko kwa wezi, ambao lawama yake chuo hukataa kuipokea.

Yapo majibu mengine. Msimamizi anaweza kupewa orodha iliyochapwa yenye picha za watahiniwa wa chumba hicho. Ni kazi ya ziada kwa ofisi ya mitihani, lakini inawezekana na haihitaji umeme chumbani. Anaweza kupewa tableti yenye rejista, kwa gharama kubwa zaidi. Au kila mtahiniwa achape, kabla ya mtihani, karatasi ya ruhusa yenye picha na msimbo uliotiwa sahihi. Vyuo vinavyotoa tayari hati ya ruhusa ya mtihani kwa waliokamilisha ada viko karibu zaidi na suluhisho hili kuliko vinavyodhani.

Inafaa pia kufuatilia kinachompata mwanafunzi aliyepoteza kitambulisho usiku wa kuamkia mtihani, kwa sababu mfumo hupimwa siku hiyo. Aliyepoteza kadi hupata ripoti ya polisi ya upotevu, hulipa faini, huandikiwa barua na ofisi ya mkuu wa kitivo, na huingia. Ni usumbufu, ila kila hatua ina mtu na ofisi. Aliyeibiwa simu amepoteza kitambulisho, laini, na mara nyingi fedha zake za simu kwa pigo moja. Ili arejeshe kitambulisho lazima apate simu nyingine, arudishiwe laini kwa kuonyesha kitambulisho cha taifa, kisha apokee namba ya siri ya uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo. Akiazima simu ya mwenzake huenda mfumo ukamkatalia, kwa kuwa programu nyingi huifunga akaunti kwenye kifaa kimoja ili kuzuia udanganyifu. Kinga dhidi ya mdanganyifu humwangukia maskini, na wabunifu wa mifumo hawaoni hivyo kwa sababu hawaazimi simu.

6. Mtandao na gharama

Kuhusu mtandao, mifano ya miaka ya karibuni yatosha. Uganda ilikatiwa intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 13 Januari 2021, wakati wa uchaguzi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa imekatiwa kwa takriban siku 20 kuanzia tarehe 31 Desemba 2018. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikaathirika kwa pamoja. Nchini Kenya, shambulio la Julai 2023 dhidi ya mfumo wa eCitizen lilikwamisha huduma nyingi za serikali zilizokuwa zimekusanywa mahali pamoja. Kitambulisho kinachohitaji kuuliza seva kila mara kingekuwa kimekufa katika kila tukio kati ya hayo.

Gharama ya bando nayo ni ya kisera. Kuanzia Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikabadilisha kwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Chuo kinachomtaka mwanafunzi awe na data ili aingie maktaba kinamwongezea kodi.

7. Nani anaona

Kadi nayo hupeleleza, na si haki kuitetea kana kwamba haifanyi hivyo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Arizona kilieleza utafiti uliotumia kumbukumbu za kupitisha kadi kwenye visomaji vya kampasi ili kubashiri ni wanafunzi gani wa mwaka wa kwanza wangeacha masomo. Tofauti ni ya kiasi. Kadi huacha alama pale tu inapopitishwa. Programu ya simu inaweza kuomba mahali alipo mwenye simu wakati wote. Mwaka 2019, katika Alabama ile ile iliyotangulia kwa kitambulisho cha simu, programu nyingine ilitumika kuwapa pointi wanafunzi waliobaki uwanjani hadi mwisho wa mechi ya mpira, na ilijua kwa kufuata simu zao.

Sheria zipo. Uganda na Kenya zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Pengo liko katika mikataba ambayo chuo hutia saini na kampuni inayoendesha mfumo: taarifa zinakaa nchi gani, zinafutwa lini mwanafunzi akihitimu, na nani anazishika mkataba ukivunjika. Ridhaa ya mwanafunzi, ambayo sheria hizo huitaja, haina uzito mkubwa pale ambapo asiporidhia haingii darasani.

8. Kuvuka mpaka

Kwa jumuiya inayosema kuwa na eneo la pamoja la elimu ya juu, kama viongozi wa Afrika Mashariki walivyotangaza mwaka 2017, faida kubwa ya sahihi ya kidijitali iko mpakani na katika vyuo vya nchi jirani kuliko langoni pa nyumbani. Mlinzi wa Butare hajui kadi ya Bujumbura inafanana vipi, wala mkutubi wa Kampala hana njia ya kujua kama ya Lubumbashi ni halali. Tangu 2014, Kenya, Rwanda na Uganda zimekubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho badala ya pasipoti, na mpango huo uliitaja pia kadi ya mwanafunzi. Ofisa wa uhamiaji anayeipokea kadi hiyo bado anaisoma kwa macho.

Ulaya haikuondoa kadi ili kutatua hilo. Mpango wa Kadi ya Mwanafunzi wa Ulaya uliacha kila chuo na kadi yake, ukaongeza juu yake alama ya pamoja na msimbo wa QR unaoweza kuhakikiwa na chuo kingine. Kwa Afrika Mashariki kazi inayolingana na hiyo ni ndogo kwa ukubwa wa data. Ufunguo wa hadharani wa chuo kimoja huchukua baiti chache, na funguo za vyuo vyote vya jumuiya zingeenea katika faili moja ambalo hata simu ya bei nafuu ingelihifadhi. Ugumu uko katika kukubaliana nani anaitunza orodha hiyo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo lenye uanachama unaovuka mipaka na linafaa kufikiriwa kwanza. Atakayeipokea kazi hiyo lazima awe na ofisa wa zamu: siku ufunguo wa siri wa chuo fulani utakapovuja, orodha inapaswa kubadilishwa na kusambazwa siku hiyo hiyo, na kadi zote zilizotiwa sahihi kwa ufunguo huo zitolewe upya kabla ya mtihani unaofuata.